Simu haitoki na uchungu umeanza: Familia ijipange vipi mtandao unapoelemewa

Saa moja usiku Ruhembe ni saa ya simu. Waliokuwa mashambani wamerudi na kuoga, na chakula kiko jikoni. Mmoja anatuma pesa nyumbani kwao, mwingine anaangalia video, kijana anapakua muziki, na watoto wamemng'ang'ania mama awape simu wacheze gemu.

Ruhembe ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika Jimbo la Mikumi. Ni nchi ya miwa. Msimu wa kuvuna unapofika, huingia vibarua kutoka mikoa mingine, na kila anayekuja huja na simu yake, wengine na laini mbili. Watu wanaongezeka kwa wiki chache, lakini mnara wa simu unabaki ule ule.

Chukua mfano wa familia inayoishi pembezoni mwa mashamba hayo. Mama ana mimba ya miezi tisa. Saa moja na nusu usiku anaanza kutokwa damu. Mume anashika simu, anaona vimistari vya mtandao vimejaa vyote, anapiga. Simu inakatika kabla haijaita. Anapiga tena, inakatika. Anapiga mara ya tano, ya sita, na kila mara dakika inapotea.

Wazazi wengi wameshawahi kukutana na simu ya namna hii, hata kama haikuwa ya dharura. Lawama huenda kwa simu, kwa laini au kwa salio. Mara nyingi kosa haliko huko. Mtandao umeelemewa, na familia inayojua namna unavyoelemewa inaweza kujipanga kabla ya usiku huo kufika.

Vimistari vimejaa, nafasi haipo

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni kwamba vile vimistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye simu. Havionyeshi kama mnara huo una nafasi ya kukuhudumia. Ni sawa na kuona gari la abiria limesimama mbele yako. Unaliona vizuri, lakini huwezi kujua kama kuna kiti mpaka ufike mlangoni.

Kila mnara una nafasi zenye hesabu. Kwa teknolojia ya 2G, ambayo bado inabeba simu nyingi za sauti vijijini, wimbi moja la redio hugawanywa katika vipande vinane vya muda. Angalau kimoja hutumika kupanga foleni, hivyo vinabaki kama saba vya watu kuzungumza. Mnara wenye pande tatu, kila upande ukiwa na mawimbi mawili, hubeba takriban simu 40 kwa wakati mmoja. Wahandisi wanaweza kubana sauti ili kila kipande kibebe simu mbili, ingawa sauti itashuka ubora kidogo. Hata hivyo ni nafasi chache kwa kata yenye maelfu ya watu, endapo wengi wataamua kupiga saa ile ile.

Intaneti nayo hugawanywa. Kasi ya mnara wa 4G haiwi ya mtu mmoja, wote walio chini ya mnara huo wanakula sahani moja. Watu kumi wakiangalia video kila mmoja hupata sehemu yake, na wakifika mia sehemu hiyo inakuwa ndogo mno, video inaanza kuzunguka bila kufunguka.

Kuna pia suala la kupiga hodi. Kabla ya kupewa nafasi, simu hutuma mlio mfupi wa kuomba kuhudumiwa. Simu mbili zikipiga hodi kwa wakati mmoja, milio inagongana na mnara hausikii hata mmoja. Kila simu husubiri kidogo, kisha hujaribu tena. Ndiyo maana kupiga na kukata mfululizo, kama wengi wafanyavyo wakishikwa na hofu, huongeza msongamano ule ule unaowazuia.

Kwa 3G kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wakazi wa pembezoni. Watumiaji wanapoongezeka, eneo linalofikiwa na mnara husinyaa, na wanapopungua hutanuka. Nyumba iliyo mwisho wa eneo hilo inaweza kuwa na mtandao asubuhi, kuukosa jioni na kuupata tena usiku wa manane, bila mtu yeyote kugusa mnara.

Mtandao ndani ya ucheleweshaji wa pili

Kwa nini habari ya minara imhusu mama mjamzito? Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza sababu za vifo vya wajawazito kwa kutumia ucheleweshaji wa aina tatu, na wataalamu wa afya wanautumia ufafanuzi huo hadi leo. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika kwenye kituo. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha vifo 104 vya wajawazito kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hata hivyo ucheleweshaji wa pili bado ni mzito vijijini, na siku hizi usafiri wa dharura unaanza na simu.

Mfano mkubwa ni mfumo wa m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa jijini Dodoma. Familia au mhudumu wa afya hupiga 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili za mama au mtoto kwa kufuata mwongozo, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huwasiliana na dereva wa karibu aliyesajiliwa katika jamii. Dereva akishamfikisha mgonjwa, hulipwa nauli yake kwa pesa za simu. Mfumo unahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28.

Ukiutazama vizuri, mfumo huu una simu kila hatua: familia kupiga, kituo kumtafuta dereva, dereva kupokea maelekezo, zahanati kuiarifu hospitali na malipo kuingia. Kiungo kimoja kikikosa mtandao, vingine vyote vinasubiri. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kusubiri huko ni hatari, kwa sababu anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache.

Ujumbe mdogo hupita palipobana

Habari njema ni kwamba si kila mawasiliano yanahitaji nafasi sawa. Meseji ya kawaida hubeba hadi herufi 160. Haihitaji kipande kizima cha mazungumzo, inapita kwenye njia ile ile ndogo ambayo mnara hutumia kupanga foleni. Ikishindwa kumfikia mpokeaji, huhifadhiwa kwenye kituo cha meseji na kujaribiwa tena. Simu ya sauti ikishindwa, imeshindwa.

Sekta ya afya nchini ililijua hilo mapema, na ushahidi mmoja ulitoka mkoa huu huu wa Morogoro. Kati ya 2009 na 2010 mradi ulioitwa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya tatu: Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini. Kila wiki wahudumu wa vituo 129 walitumiwa meseji wakiulizwa idadi ya dawa za malaria zilizobaki, nao wakajibu kwa meseji bila gharama. Mwanzoni, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 26. Vituo havikuhitaji kompyuta wala intaneti ya kasi. Takwimu chache zilizofika kwa wakati zilitosha kumwambia mganga mkuu wa wilaya wapi apeleke dawa.

Zanzibar katika miaka hiyo hiyo ulifanyika utafiti wa Wired Mothers katika vituo 24 vya Unguja, ukihusisha wajawazito 2,550. Kundi moja lilipata meseji za kliniki na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Waliojifungua wakisaidiwa na mtaalamu walikuwa asilimia 60 katika kundi hilo na asilimia 47 katika kundi jingine. Lakini faida hiyo ilionekana wazi kwa wanawake wa mjini, si wa vijijini. Meseji ilimkumbusha mama, ila haikumpa gari wala haikumfupishia njia.

Funzo kwa mzazi ni rahisi. Jambo la haraka lisemwe kwa ujumbe mfupi pale simu inapogoma. Andika nani, tatizo gani, uko wapi: "Mama Asha anatoka damu, tupo nyumbani karibu na shule, njoo na gari." Usiweke vikatuni vya nyuso au maua. Kikatuni kimoja tu huifanya meseji ibebe herufi 70 badala ya 160, hivyo hugawanyika vipande, na kila kipande kinahitaji kupita peke yake.

Wahandisi wanapunguzaje msongamano

Kazi kubwa ya kuimarisha mtandao si ya familia. Ni ya kampuni za simu na Serikali. Mwishoni mwa 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 70 kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na vifaa vinavyoomba nafasi vinaongezeka kila mwaka.

Njia ya kwanza ni kuongeza minara. Mei 13, 2023 jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, Rais Samia akishuhudia. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa maeneo ambayo kampuni huyaona hayana faida ya kibiashara. Mnara mpya haufiki tu pasipofikiwa, pia huupunguzia mzigo mnara wa jirani.

Njia ya pili ni kuongeza masafa kwenye mnara uliopo. Masafa ya chini, kama 700 na 900, hufika mbali na hupenya kuta, lakini hubeba watu wachache. Ya juu, kama 1800 na 2600, hubeba wengi ila hayafiki mbali. Kata yenye mashamba makubwa na makazi yaliyosongamana sehemu moja inahitaji yote mawili.

Njia ya tatu haionekani kwa macho. Mnara huunganishwa na mitambo mikubwa kwa mkongo wa taifa au kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Kiungo hicho kikiwa chembamba, hata mnara mzuri unakwama. Umeme nao ni muhimu. Mnara wenye betri dhaifu huzima umeme unapokatika kwa muda mrefu, na kwa kuwa kampuni kadhaa huweza kukodi mnara mmoja, mitandao miwili inaweza kupotea kwa pamoja.

Ipo pia njia ya kuvifundisha vifaa adabu. Vipimajoto vya majokofu ya chanjo, kwa mfano, vinapaswa kujulisha pale joto linapotoka kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini havina haja ya kuzungumza kila sekunde. Mwaka 2016 dunia ilikubaliana kiwango cha mawasiliano ya vifaa vidogo, kiitwacho NB-IoT, kilichokusudiwa kuhudumia takriban vifaa 50,000 chini ya upande mmoja wa mnara. Siri yake ni kwamba kila kifaa hutuma kidogo, hulala muda mrefu na hurudia ujumbe taratibu mpaka usikike.

Wananchi nao wana sehemu yao. Tatizo la mtandao linalojirudia saa ile ile liandikwe: siku, saa, mahali na mtandao upi. Lipelekwe kwa kampuni husika, na lisipotatuliwa lifikishwe TCRA. Kwenye mkutano wa kijiji liwasilishwe kama suala la afya, pamoja na barabara na maji.

Wi-Fi moja, vifaa ishirini

Katika zahanati, shule na nyumba zenye ruta, msongamano hutokea pia ndani ya kuta. Wi-Fi ni kama darasa lenye kanuni ya mmoja kuzungumza kwa wakati. Kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinatuma. Vifaa vitatu havipati shida. Vikifika ishirini, muda mwingi unaishia kwenye kusubiriana.

Kifaa cha zamani au kilicho mbali huwachelewesha wote, kwa sababu kinazungumza polepole na kushika zamu muda mrefu. Ruta za kizazi cha Wi-Fi 6 zimepunguza tatizo hilo kwa kugawa zamu moja kwa vifaa kadhaa. Lakini hata bila kununua ruta mpya yapo ya kufanya.

Ruta iwekwe juu na katikati ya jengo, mbali na kabati la chuma. Simu zilizo karibu zitumie masafa ya 5G ya Wi-Fi, ambayo yana nafasi zaidi ingawa hayapenyi kuta vizuri. Hayo si 5G ya minara, majina yanafanana tu. Masafa ya 2.4 yaachiwe vifaa vya mbali. Kompyuta isiyohamishwa iunganishwe kwa waya ili ipishe wengine. Na kituo cha afya kitenganishe mtandao wa kazi na ule wa wageni, ili video ya mtu aliye kwenye benchi isimcheleweshe nesi anayetuma taarifa za mgonjwa anayepewa rufaa.

Nyumbani ambako simu ya baba ndiyo hotspoti ya wote, zima kujisasisha kwa programu na upakuaji wa video wa kujiendesha kwenye simu za watoto. Bando litadumu, na simu hiyo itabaki na chaji.

Mpango wa kujifungua uwe na sehemu ya simu

Kliniki za wajawazito hufundisha familia kuwa na mpango wa kujifungua: fedha, usafiri, vifaa, mtu wa kuchangia damu. Katika mpango huo familia inaweza kuongeza sehemu ya mawasiliano, hasa mimba inapofika miezi saba.

Kwanza, nyumba iwe na laini za mitandao miwili tofauti. Mmoja ukielemewa, mwingine unaweza kuwa na nafasi. Kama simu ina sehemu mbili za laini, zitumieni zote.

Pili, kama kuna kitochi, kiwe na chaji na salio muda wote na kiwe kinajulikana kilipo. Chaji yake hudumu siku kadhaa. Simu janja nayo inaweza kuwekwa kwenye 2G pekee kupitia mipangilio yake pale simu ya sauti inapogoma kwenye 4G.

Tatu, namba ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: 115, zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dereva mmoja wa gari na mwingine wa bodaboda. Simu ikizima, namba zilizo ndani yake huzimika nayo. Ipo pia 112 ya polisi. Kwa viwango vya kimataifa, simu inaruhusiwa kupiga namba hiyo kupitia mtandao wowote ulio karibu, hata usio wa laini yako.

Nne, tafuteni mapema mahali panapokamata mtandao. Miwa iliyokomaa hupita kimo cha mtu, na majani yake mabichi hunyonya mawimbi. Sehemu iliyoinuka na wazi inaweza kuleta tofauti kubwa. Jaribuni saa moja hadi saa tatu usiku, wakati mtandao unapozidiwa, si mchana peke yake.

Tano, wekeni makubaliano na jirani na dereva. Kwa mfano, wakiona mmewabipu mara mbili baada ya saa nne usiku, waje bila kusubiri maelezo. Simu ya kawaida ikigoma, mjaribu dereva kwa WhatsApp, kwa sababu sauti na intaneti hazipiti njia moja. Na ukishapiga mara tatu bila kupata, subiri nusu dakika, sogea, badili laini, ndipo upige tena. Mtu mwingine wakati huo aondoke kwa miguu au kwa bodaboda kwenda kutoa taarifa.

Mwisho, msisubiri hali iwe mbaya ndipo mpige. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu au mtoto kuacha kucheza tumboni, ni dalili za kupiga simu hapo hapo. Kwa mtoto mchanga ni kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto sana au wa baridi. Kutoka mashamba ya Ruhembe hadi Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, ni safari ya barabara, na safari hiyo haianzi mpaka kuna mtu amesikia upande wa pili wa simu.

Leo jioni, kabla ya kulala, mume na mke wanaweza kukaa pamoja, wakaandika namba hizo tano kwenye karatasi, wakaibandika karibu na mlango, kisha wakatoka nje kutafuta ni upande gani wa uwanja simu inatoka.